Vikombe Vinakuja Nyuma

Kwa miaka thelathini na mmoja Nerida Pascoe alibeba vikombe vya watu wote. Vilikuwa vikombe vya bati, vyeupe, vyenye ukingo wa buluu. Saba mwanzoni, kumi na kimoja miaka ile kundi lilipokuwa kubwa, kisha vikapungua vikawa sita. Alivitunga kwa kamba ya kiatu iliyopita kwenye vishikio vyake, akaifunga kamba hiyo nje ya begi lake la mgongoni, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kundi liliposhuka mabondeni, ulimsikia kabla hujamwona. Mara nyingi ulimsikia muda mrefu sana kabla hujamwona, kwa kuwa Nerida alitembea nyuma ya wote.

Walimtania. Vesna Koroman, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyeletwa nchi hii akiwa msichana na ambaye hajanyamaza tangu aliposhuka melini, alimwita mbuzi wa kengele. Chai yenyewe ilitangulia mbele, chupa mbili kubwa ndani ya begi la Dougal, mwanawe Nerida, ambaye ndiye aliyeongoza njia. Mtu yeyote mwenye akili angeona kasoro ya utaratibu huo: chai mbele, vikombe nyuma, na katikati yake robo saa nzima ya msitu. Waliofika mapema walikaa juu ya mawe wakaitazama chupa, wakingoja mlio wa bati. Tangu akiwa na miaka kumi na sita Dougal alikuwa akimwambia mama yake, mara kwa upole na mara kwa hasira, kwamba kila mtu anaweza kubeba kikombe chake. Nerida alijibu kwamba watu hupoteza vikombe. Hakuna aliyewahi kupoteza kikombe, kwa sababu hakuna aliyewahi kupewa.

Siku nyingine za wiki hakuwa mtu wa ajabu. Alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye dobi ya hospitali, akikunja mashuka, na mikono yake ilibaki na tabia ya kunyoosha kila kitambaa ilichokigusa, hata kitambaa cha meza ya wenyewe. Mumewe Clarrie alikuwa fundi wa reli, mtu mrefu wa maneno machache, aliyekufa kwa mapafu mwaka uliotangulia harusi ya Dougal. Nyumba yao ilikuwa mgongoni mwa mlima, pale treni ya kutoka Sydney inapopunguza mwendo, na hatua mia mbili kutoka mlango wa jikoni msitu ulianza na ardhi ikakatika. Nerida hakuwa mpenzi wa maumbile kama wale wanaonunua vitabu vya picha. Hakujua jina la ndege hata mmoja. Ndege wote aliwaita "huyo".

Leanne aliolewa na Dougal akiwa na miaka ishirini na sita, na siku ya kwanza alipomwita mama mkwe wake Bi Pascoe aliambiwa kwamba Bi Pascoe alikuwa mama yake Clarrie, na amekwisha kufa, tumwache apumzike. Kwa hiyo alimwita Nerida, kama kila mtu. Miaka mingi hawakuwa na la kuambiana zaidi ya salamu na habari za mtoto. Leanne alitembea mbele na Dougal, na Nerida alikuwa mlio wa bati uliokuwa mahali fulani nyuma.

Kisha Leanne aliugua. Ilikuwa homa tu, wiki tatu kitandani, ugonjwa ambao watu wengine waliupata msimu ule wakapona. Yeye homa ilimwacha, nguvu hazikurudi. Alipimwa damu, akapimwa moyo, akaambiwa kila kitu ni kizuri. Akirudi kutoka maktaba ya chuo, alikokuwa akifanya kazi nusu siku sasa, alikaa garini mbele ya nyumba yake mwenyewe kwa dakika kumi kabla ya kupata nguvu za kufungua mlango. Ulikuwa uchovu usiojua usingizi ni nini. Alilala nao, akaamka nao, na baada ya mwaka mmoja hata kuueleza kulimchosha, akaacha kuueleza.

Dougal aliamini hewa ya msituni ingemponya. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na miguu mirefu tu, na imani. Miezi minane baada ya homa alimrudisha Leanne kwenye Jumapili ya kwanza.

Watu wanaotembea porini kwa makundi wana kosa moja wanalolifanya kwa nia njema kabisa. Walio mbele husimama mahali pazuri ili wamngojee wa mwisho. Wanatua mabegi, wanakunywa maji, jasho linakauka, mtu anasimulia kisa. Baada ya robo saa wa mwisho anatokea kwenye kona, uso mwekundu, kinywa wazi. Wote wanafurahi kumwona. Wanasema haya, tumetimia, wanasimama, wanaondoka. Hivyo mwenye nguvu hupumzika kila kituo, na yule anayehitaji kupumzika ndiye pekee asiyepumzika mchana kutwa. Na wao wanasema walimngoja, na ni kweli walimngoja.

Leanne hakuwa amelijua hilo, maana siku zote alikuwa miongoni mwa waliokaa juu ya mawe. Siku ile aliligundua kwa miguu yake. Alipofika kituo cha kwanza, Dougal alikuwa tayari ameinama kuchukua begi lake, akisema chai watainywa chini, na Leanne alihisi machozi yanamlenga, machozi ya hasira ya mtoto mdogo. Ndipo nyuma yake bati likalia. Nerida alipita, akakaa chini katikati ya njia, akaanza kufungua ile kamba ya kiatu. Aliifungua polepole, fundo baada ya fundo. Alipangusa kila kikombe kwa kitambaa, akakinyoosha kitambaa, akaendelea na kingine. Mabegi yalirudi chini. Chai ilikuwa ya moto kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuimaliza upesi, na Nerida aliipuliza yake kana kwamba ana siku mbili. Leanne alikaa dakika ishirini. Alipoinuka, miguu ilikuwa yake tena.

Katika matembezi ya tatu Leanne alimuuliza kwa nini hubeba vikombe vya wote. Walikuwa wawili tu, nyuma, kwenye mteremko wenye matope, na Nerida alikuwa akijibandua ruba kwenye kifundo cha mguu. Alisimulia bila kuinua kichwa. Baada ya Dougal alizaa msichana aliyeishi siku mbili. Alikaa nyumbani miezi mingi, mapazia yamefungwa, na Clarrie, ambaye naye aliamini hewa, alimchukua kutembea na wenzake wa reli. Wanaume sita wenye miguu ya kupanda nguzo.

"Clarrie alinipenda," Nerida alisema. "Kila kituo alikuwa akiningoja. Nusura aniue kwa kuningoja."

Kisha asubuhi moja, wakijiandaa kuondoka, aliviona vikombe juu ya meza ya jikoni, vimepangwa, na wazo likamjia. Akavichukua vyote.

"Watu hawamngoji mtu, kipenzi. Wanangoja chai."

Alimtaka Leanne asimwambie Dougal. Akijua, alisema, ataumia, na akiumia ataanza kutungoja kwa makusudi, na hakuna kitu kinachochosha duniani kama mtu anayekungoja kwa makusudi.

Karibu miaka mitatu walitembea hivyo, wawili nyuma, na kila kituo Leanne aliinuka kwa kushika jiwe kwa mikono miwili. Hawakuongea sana. Wakati mwingine saa nzima ilipita na neno pekee likawa "huyo", na Leanne akainua macho akaona kasuku weusi wanapita juu ya mikaratusi, wakilia kama bawaba zilizokosa mafuta. Ilikuwa saa pekee katika mwezi ambayo hakulazimika kuonekana ana nafuu.

Na nafuu ikaja, kama zinavyokuja nafuu nyingi, bila kubisha hodi. Alianza kuwafikia walio mbele kabla hawajatua mabegi. Vesna alimshika mkono siku moja kwenye kilima, akamwambia, shoga, twende, nina habari za mjomba wangu na yule mwanamke wa duka la maua; na Leanne akaenda, na habari zilikuwa ndefu, akajikuta amefika katikati ya kundi. Mwezi uliofuata alikuwa katikati tena. Hakuamua kumwacha Nerida. Aliendelea tu kufika mapema.

Mwezi wa Juni mwaka huo Nerida, akiwa na miaka sabini na sita, alianguka bafuni. Hakuvunjika, lakini nyonga ilivimba, na daktari aliyemsikiliza kifua alisikiliza kwa muda mrefu kuliko Dougal alivyopenda. Dougal alikuwa mtu wa kutengeneza mambo. Alinunua vikombe sita vyepesi, vya mpira, vinavyojikunja vikawa bapa kama sahani, akampa kila mtu chake. Kamba ya kiatu yenye vikombe vya bati aliitundika kwenye msumari jikoni kwa mama yake, juu, ambapo asingeifikia bila kiti.

Kisha alikaa mezani kwa mama yake akamwekea sharti. Leanne alikuwepo, alikuwa akikausha vyombo. Jumapili ya kwanza ya Agosti wangeshuka korongo la ngazi, njia ngumu kuliko zote walizozizoea. Wangeanza saa tatu asubuhi. Ikiwa Nerida atakuwa amerudi juu kwenye maegesho saa tisa, Dougal hatasema neno tena, atembee mpaka atakapochoka mwenyewe. Akishindwa, basi kuanzia mwezi utakaofuata atabaki juu kwenye meza za mapumziko, na jiko, akaange soseji, wao watamkuta. Alisema hivyo huku akitazama mikono yake. Aliongeza kwamba kibao cha njia kinasema kwenda na kurudi ni muda wa saa tatu, naye amempa sita.

"Nani aliandika kibao?" mama yake akauliza.

"Watu wa mbuga."

"Basi walikuwa wakishuka tu."

Lakini alikubali. Leanne alijua, kwa jinsi alivyokinyoosha kitambaa cha meza mara mbili, kwamba amekubali kwa sababu hakuona njia nyingine, na kwamba hakuna kitu kingine alichokuwa nacho. Dobi ilikwisha, Clarrie alikwisha. Kilichobaki ni kuwa wa mwisho kwenye mstari, na mtu asiye wa mwisho kwenye mstari huo angekuwa bibi kizee tu mwenye jiko.

Siku yenyewe ilikuwa baridi na angavu. Maua ya manjano yalikuwa yamechanua kwenye miti ya kando ya barabara, na mdomo wa kila mtu ulitoa moshi. Walikuwa sita: Dougal; Corrie, binti yake na Leanne, mwenye miaka kumi na mitatu na simu isiyopata mtandao; Vesna na mumewe Lindsay, aliyekuwa amezoea kutosema kitu; Leanne; na Nerida, mwenye fimbo. Leanne alijitolea kutembea naye. Nerida alikataa. Alisema kama atapita mtihani, apite peke yake, asije akaambiwa alinakili.

Walishuka. Ngazi zile zimechongwa kwenye jiwe la mchanga, nyingine zina urefu wa goti, na kila aliyewahi kuzihesabu alipata idadi yake. Kituo cha kwanza kilikuwa chini ya mwamba unaoning'inia kama paa, mahali pakavu, penye mawe ya kukalia. Dougal alifungua chupa. Kila mtu akakunjua kikombe chake.

"Hiki kikombe au kofia ya mtoto mchanga?" Vesna aliuliza, na chai ikamwagika gotini.

Leanne alicheka. Chai ilikuwa nzuri. Jua lilikuwa limefika kwenye mikangaga ya ng'ambo, maji yakidondoka mahali fulani, na Vesna alikuwa amefikia pale mjomba wake aliporudishiwa maua. Leanne alikaa mgongo umeegemea mwamba, joto la kikombe viganjani, akiwa amechoka uchovu wa kawaida, ule mtamu, ambao alikuwa amesahau kwamba upo. Hakusikia kitu chochote kutoka kwenye ngazi. Hakukuwa na cha kusikia. Bati lilikuwa msumarini.

Kwa hiyo Nerida alitokea kimya. Alisimama mwisho wa ngazi, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine kwenye shina la mti, midomo imepauka.

"Haya," Dougal alisema kwa furaha ya kweli, "tumetimia."

Wakasimama. Leanne naye alisimama. Alimwaga masalio ya chai kwenye mikangaga, akakikunja kikombe, akavaa begi. Ni pale alipoinua uso kurekebisha mkanda ndipo macho yao yalipokutana. Nerida alimtazama kwa muda, kwa namna ambayo Leanne hakuweza kuisoma siku ile wala wiki zilizofuata. Hakukuwa na lawama ndani yake. Ingekuwepo, ingekuwa rahisi zaidi.

"Tangulieni," Nerida alisema.

Leanne akatangulia na wengine. Alikuwa ameshuka ngazi kumi au kumi na mbili kabla hajaelewa alichofanya, na Vesna aliyekuwa mbele yake alisikia hatua zinakatika, akauliza kama ameona nyoka. Leanne alisema hapana. Kurudi juu kungekuwa kumwambia Nerida mbele ya wote kwamba anahurumiwa. Aliendelea kushuka, na kila ngazi alijiambia: miezi michache tu. Imenichukua miezi michache tu.

Chini, kwenye bwawa la kijito, walikula. Nerida alifika wakati wengine wanakusanya maganda ya mayai, akakaa, akala nusu mkate na kipande cha keki ya matunda aliyokatiwa na Vesna. Ilikuwa saa saba kasoro. Mbele yake kulikuwa na ngazi zote zile, kwenda juu, na Leanne aliona kwamba kama watapanda kama walivyoshuka, atafika kituo cha kwanza, cha pili hatafika.

Alipita akakusanya vikombe. Alisema ataviosha. Aliviosha kweli, kwenye maji baridi yaliyomuuma mifupa ya vidole, vyote sita, pamoja na cha Dougal, na badala ya kuvirudisha kwa wenyewe alivitia chini kabisa ya begi lake, chini ya koti la mvua na sweta. Halafu akamwambia Dougal atangulie. Yeye atapanda na mama.

"Wewe si wa nyuma tena," Nerida alisema, kundi lilipoondoka.

"Leo niko."

Walipanda. Mama mkwe alitangulia, Leanne ngazi moja chini yake, akitazama viatu: kisigino cha kulia kinainuka, kinatafuta, kinatua. Kwenye ngazi ya thelathini hivi Leanne alianza kusema, Nerida, pale mwambani, mimi, na mwenzake akamkata.

"Usinizungumzishe kwenye ngazi. Pumzi niliyonayo ni ya miguu."

Walipofika chini ya mwamba, kundi lilikuwa limekaa kuzunguka chupa ya chai, na Vesna alikuwa akijipapasa mifukoni.

"Vikombe viko wapi?"

"Kwangu," Leanne alisema. "Chini kabisa."

Alitua begi, akatoa sweta, akalikunja. Akatoa koti la mvua, akalikunja. Alivitoa vikombe kimoja kimoja, akavipangusa. Lindsay, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alitoa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa kicheko.

"Ameurithi," Vesna alisema. "Mumuone. Uchawi wa mama mkwe umehamia kwa mkwe."

Corrie alimwambia mama yake kwamba anafanya makusudi. Aliambiwa anywe chai. Nerida alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameegemea, macho kwenye kikombe cha mpira alichowekewa mkononi. Akakigeuza, akakinywea. Rangi ilimrudi polepole, kuanzia masikioni. Dougal alitazama saa, akatazama mama yake, akaketi tena.

Kituo cha pili, kwenye uzio wa chuma, ikawa vilevile. Begi, sweta, koti, vikombe. Kituo cha tatu, karibu na juu, chai ilikuwa imekwisha, wakanywa maji ya uvuguvugu yenye ladha ya chupa, na hakuna aliyenung'unika isipokuwa Vesna, ambaye kunung'unika kwake hakuhesabiwi. Huko mwishoni Nerida alipanda kwa mikono kuliko miguu, akijivuta kwenye uzio, na kila baada ya ngazi tano alisimama, akakiweka kichwa chake juu ya mkono. Mara moja kitu kiliruka kwenye kichaka na kulia. Leanne alingoja lile neno moja. Halikuja.

Lakini walifika. Maegesho yalikuwa tupu, magari yao mawili tu na kivuli kirefu cha vyoo. Leanne alitazama saa yake: tisa na dakika thelathini na tano.

Alisimama pale akifanya hesabu ambayo hakutaka kuifanya. Dakika kumi na tano kituo cha kwanza, kumi na tano cha pili, cha tatu labda kumi. Bila vikombe, Nerida asingefika juu. Kwa sababu ya vikombe, amechelewa. Hakuna upande wa hesabu hiyo ambao haukufika palepale.

Dougal alikuwa ameegemea gari. Alipowaona alinyoosha mkono wake, akaigonga saa kwa kidole, akaisikiliza.

"Imesimama," alisema. "Sijui hata ni saa ngapi."

Hakuwa mwongo mzuri. Hakuwa na mazoezi. Nerida alikaa kwenye ukingo wa buti ya gari iliyokuwa wazi, akainama kufungua viatu, na vidole vyake havikuweza kushika kamba. Alijaribu mara ya pili. Dougal alipiga magoti kwenye changarawe, akamfungulia, kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, akiwa ameinamisha kichwa, na kipara chake kidogo, ambacho Leanne hakuwahi kukiona kutoka juu, kilionekana.

"Haijasimama," Nerida alimwambia, juu ya kichwa chake. "Mwezi ujao nitakaanga soseji. Mtakuta zimeiva."

Vesna, ambaye hajawahi kukosa neno tangu siku ile ya meli, alilitafuta akalikosa, na mwishowe akauliza kama zitakuwa na vitunguu.

"Na vitunguu," Nerida alisema.

Alikaanga miezi mitano, Septemba hadi Januari. Alikaa kwenye meza ya mbao na kitabu cha mafumbo ya maneno, amevaa kofia ya Clarrie, akiwafukuza kwa koleo ndege weusi wenye macho ya manjano waliokuja kuiba. Walipotoka njiani, soseji zilikuwa zimeiva kweli, na mkate umekatwa. Alikuwa mchangamfu, akamtania Dougal kwa tumbo lake. Leanne ndiye aliyetembea nyuma sasa, na vikombe vya mpira vilibaki begini mwake bila mtu kuvidai. Goti la Vesna lilikuwa limeanza kuuma, na Vesna alihitaji kukaa zaidi ya alivyokubali.

Katika miezi hiyo Leanne alijaribu mara tatu au nne kusema. Kila mara alikuta mdomo wake umejaa mkate, au Corrie amekaa karibu, au Nerida anauliza nani anataka mchuzi wa nyanya. Alijua pia kwamba anaogopa. Kuomba radhi kungemlazimisha Nerida amsamehe, na hiyo nayo ilikuwa kazi, na Nerida alionekana amechoka.

Februari moyo wa Nerida ulishindwa. Walimlaza katika hospitali ya chini ya mlima, wodi yenye madirisha yasiyofunguka, joto la nje likiwa limesimama ukutani kama mtu. Leanne alikwenda Jumanne, kutoka kazini moja kwa moja. Dougal na Corrie walikuwa wamekuja asubuhi. Nerida alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mpira wa hewa puani, mikono juu ya shuka, na shuka chini ya mikono hiyo lilikuwa limenyooka kabisa.

Leanne alivuta kiti. Alisema yote, kwa mfululizo, akitazama ukingo wa kitanda: kwamba pale mwambani alisimama pamoja na wengine, yeye aliyejua kuliko wote maana ya kusimama; kwamba alikuwa amesahau kwa urahisi wa kutisha; kwamba kisha alijaribu kurekebisha, na kurekebisha kwake ndiko kulikokula zile dakika. Alisema angetoa chochote kama siku ile angebaki amekaa. Alipomaliza, macho ya Nerida yalikuwa yamefumbwa, na Leanne alidhani ameyasema yote hayo kwa mtu aliyelala. Muuguzi aliingia, akasoma mashine, akatoka.

Nerida alikufa Alhamisi alfajiri, kabla Leanne hajapata nafasi ya kwenda tena, kwa hiyo maneno ya Jumanne ile ndiyo ya mwisho aliyopata kutoka kwake. Aliyasema bila kufumbua macho, kwa mafungu, akivuta hewa kati ya fungu na fungu, wakati Leanne alipokuwa tayari anaokota mkoba wake.

"Pale mwambani ulisimama bila kushika jiwe," alisema. "Miaka mitatu ulikuwa unalishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nimechoka sana, kipenzi, lakini hilo nililiona."